Jina Linalokuja kwenye Simu

Mteja wa siku hizi hatoi pesa kabla hajakuhoji. Zamani alihoji bei tu. Mlivutana, akajifanya anaondoka, ukajifanya humwoni, mwisho akarudi na noti aliyoikunja mara nne na wewe ukaipokea kwa kununa kidogo ili asijione mshindi. Siku hizi mkishaelewana bei ndipo kazi inaanza. Anatoa simu, anainakili namba yangu kwenye ubao nilioupigilia kwenye nguzo ya kibanda, kisha ananikazia macho na kuniuliza lile swali ambalo kwa miaka minne lilinifanya nitamani kuuza mchicha: "Jina linakuja nani?"

Wenzangu hapa sokoni Kasulu wanalijibu bila kuinua kichwa. Muuza dagaa hutaja jina lake, la baba yake na la babu yake, na ukimwacha ataendelea. Mimi nilikuwa najibu, "Linakuja la mzee."

"Mzee nani?"

"Mzee mmoja hivi, mtu mzima, mstaarabu."

Hapo mteja huirudisha simu mfukoni na kikapu anakirudisha mezani polepole, kama mtu anayemweka mtoto aliyelala.

Jina nililijua vizuri mno. Lilikuwa la baba mkwe wangu, na kwetu mwanamke hatamki jina la baba mkwe wake. Hatamki kwa hasira wala kwa utani, hatamki hata akiwa peke yake shambani na kunguru ndiye shahidi. Mama yangu alinifunza hivyo kwa kuwa naye alifunzwa hivyo, na katika miaka kumi na sita ya ndoa ulimi wangu ulikuwa haujateleza hata mara moja. Nina shangazi aliyempeleka mwanawe zahanati, mtoto aliyepewa jina la babu yake mzaa baba. Mwandikishaji akauliza mtoto anaitwa nani, shangazi akasema, "We andika tu ni wa kiume." Ikaandikwa hivyo, na yule kijana hadi anaanza darasa la kwanza kadi yake ilimwita Wakiume. Nilimcheka sana shangazi yangu. Sikujua kwamba na mimi nimewekewa zamu yangu.

Kuhusu jinsi baba mkwe alivyoingia kwenye simu yangu, lawama ziende kwa vidole. Mimi nasuka. Vikapu vya mifuniko, nyungo, mikeka, vyote vya ukindu na nyasi, na ukindu si uzi wa hariri. Unaulowesha, unauchana, unauvuta, na kila ukiuvuta unaondoka na kipande chako. Ulipokuja ule utaratibu wa kusajili laini kwa alama za vidole, nilikwenda kwa mama mmoja aliyekaa chini ya mwavuli karibu na stendi na kimashine chake. Akaniambia niweke dole gumba. Mashine ikakataa. Nikaweka cha shahada, ikakataa. Tulivimaliza vyote kumi, nikafuta kwa kanga, nikapaka mafuta, nikapulizia pumzi kama mtu anayesafisha miwani, na mashine ikashikilia msimamo wake. Yule mama akanishika mkono, akaugeuzageuza juani, akasema kwa upole, "Mama, hapa hamna kitu."

Mume wangu anachoma matofali. Vidole vyake mashine haikukubali hata kwamba ni vidole, na laini yake yeye mwenyewe imesajiliwa na dada yake. Basi siku hiyo baba mkwe alikuwa ametutembelea kutoka Murungu, kule Kibondo. Alistaafu ukarani wa mahakama, na maisha yake yote hajashika kitu kizito kuliko jalada. Akaketi chini ya mwavuli, akakunja mkono wa shati, akagusa mara moja. Mashine ikalia kwa furaha. Akatuangalia mimi na mwanawe, watu wazima wawili wenye vidole ishirini vya kazi lakini visivyotambulika serikalini, akasema, "Elimu haimtupi mtu." Maneno hayo tuliyasikia kila sikukuu tangu siku ile.

Kwa hiyo laini ikawa yangu na jina likawa lake. Mwanzoni niliona si kitu. Niliandika jina hilo kwenye karatasi, maana kuandika hakukuwa kumekatazwa, au labda waliokataza hawakuwa wanaandika. Mteja akiuliza namwonyesha karatasi. Lakini mteja hataki karatasi, hata tapeli ana karatasi. Anataka kusikia kinywa. Anasoma, anainua macho, anauliza, "Ndiyo, sasa huyu ni nani wako?" na tunarudi pale pale.

Aliyeniokoa ni jirani yangu wa kibanda, mama anayeuza vyungu, mwenyeji wa upande wa Buhigwe. Yeye baba mkwe wangu si mkwe wake, kwa hiyo jina hilo kwake lilikuwa tamu kuliko asali. Mteja akiniuliza jina linakuja nani, mimi naangalia chini na jirani anaachia kila alichoshika, anavuta pumzi, analitamka lote, jina la kwanza, la pili na la ukoo, kwa sauti ya kuita watu wa bonde la pili. Mteja anashtuka, anatazama simu, anaona yamelingana, analipa. Huduma hiyo haikuwa bure. Nilimlipa kwa chai ya maziwa na maandazi mawili kila asubuhi, na ungo mmoja kila mavuno. Siku tukikosana, na tulikosana kwa mambo madogo sana, kama kivuli cha kibanda nani kamwibia nani, ananiacha. Mteja anauliza, mimi namgeukia jirani, jirani anasuguasugua chungu ambacho hakina hata vumbi.

"Jirani," namwita.

"Nasikia kooni nimekaukiwa," anajibu. "Labda nikipata soda."

Niliishi hivyo miaka minne. Sisemi niliishi vibaya. Malipo ya simu yana vituko vyake ambavyo hata mwenye jina lake halali havimwachi. Kuna anayetuma bila ya kutolea, ukimwambia anashangaa, kana kwamba wakala anafanya kazi kwa sadaka. Kuna anayesema, "Nimeshatuma, haijaingia?" na nyote wawili mnaikodolea simu, mteja na muuzaji, mnasubiri ilie. Kuna mwalimu mmoja aliyenionyesha ujumbe wa malipo ambao tarehe yake ilikuwa ya Krismasi, nasi tulikuwa mwezi wa nne. Nilimwambia Mungu ambariki kwa kukumbuka sikukuu, lakini kikapu kitabaki.

Kilichonifikisha ukutani ni vikapu thelathini.

Muuguzi mmoja, mtu wa Tanga aliyepangiwa kazi kituo cha afya kimoja njia ya kwenda Buhigwe, alipita sokoni akaona vikapu vyangu vya mifuniko. Alikuwa anamuaga binti yake anayeolewa, na alitaka kila mgeni wa meza ya mbele apewe kikapu kimoja chenye zawadi ndani. Thelathini, rangi ya zambarau na nyeupe. Tukapatana vizuri, akanisifu, akaniita fundi, na mimi kwa kusifiwa nikaona haya kumwomba kianzio. Nikanunua ukindu na rangi kwa pesa ya mchango wa hosteli ya binti yangu, aliyetakiwa kurudi shule Jumatatu ya wiki ile ile ya sherehe. Nilijiambia pesa inatoka mfuko huu inaingia huu. Nilisuka wiki sita. Nilikuwa nasuka nikipika, nasuka nikisali, na padri alipata kuniangalia mara mbili.

Jumanne nikampigia, nikamwambia viko tayari. Akafurahi. "Haya mwenzangu, natuma sasa hivi, nimeshika simu. Kesho kutwa nampeleka dereva avichukue. Namba ni hii hii? Jina linakuja nani?"

Nikageuka kwa jirani. Kibanda chake kilikuwa kimefunikwa turubai. Alikuwa amekwenda msibani kwao tangu jana yake.

"Linakuja la mwanaume," nikasema.

"Mwanaume gani?"

"Baba wa mume wangu."

"Haya. Anaitwa nani?"

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Haloo?"

"Nipo."

"Umelisahau jina la mkweo?"

"Sijalisahau."

"Basi litaje, dada, nitume, wagonjwa wananingoja."

"Siwezi kulitaja."

Alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Nikajaribu kumweleza mila, lakini mila ukiieleza kwa haraka kwenye simu inasikika kama uongo kabisa. Nikamwambia anisubiri, nikamkimbilia fundi cherehani wa pembeni na karatasi yangu, nikamwomba asome. Akasoma vizuri, kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Nikamsikia muuguzi akimwuliza, "Na wewe ndiye huyo?" Fundi ni mzee wa kanisa. Akasema, "Hapana, mimi ni mtu mwingine."

Simu ikarudi mikononi mwangu. "Sikiliza," muuguzi akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imepoa. "Mie mwaka jana nililetewa ujumbe wa ile pesa tuma kwenye namba hii, nikatuma, mpaka leo sijamjua niliyemtumia. Mtu asiyeweza kutaja jina la namba yake, mie simtumii hata mia. Kama unatapeli, tapeli mwingine." Akakata.

Nilikaa juu ya rundo la vikapu vyangu vya zambarau, nikaogopa. Nasema wazi, niliogopa. Zambarau hapa kwetu hakuna mtu anayeinunua hovyo, labda afiwe na askofu. Na Jumatatu ilikuwa inakuja na binti yangu alikuwa ameshafunga sanduku.

Niliwaza kulitaja. Niliingia nyuma ya kibanda, nikafumba macho, nikafungua mdomo. Nilifika silabi ya kwanza. Nikaona uso wa mama yangu, nikaona na uso wa mzee mwenyewe akinipokea uani kwake na kiti, kama anavyonipokea siku zote, kwa sababu mkwe anayeheshimu anapewa kiti. Nikafunga mdomo.

Basi nikampigia mwenyewe. Nikamsalimia kwa kirefu, nikauliza habari za mahindi na za mguu wake, ndipo nikamweleza kwa kuzungukazunguka kwamba kuna mtu anataka kujua ile laini ni ya nani.

"Nipe namba yake," baba mkwe akasema. "Jambo hili ni dogo. Nitathibitisha."

Nilidhani nimepona. Baada ya dakika kumi muuguzi alinipigia, na hakuwa anaongea, alikuwa anafoka. "Mna genge! Kumbe mna genge! Limenipigia lizee linaniambia nitaje majina yangu matatu, umri, dini na mahali ninapoishi, halafu niape!"

Ndivyo alivyothibitisha. Miaka thelathini mahakamani, hakujua njia nyingine ya kuanza mazungumzo. Muuguzi akatufungia wote wawili, namba yangu na ya mzee, na hapo ndipo mambo yalipaswa kwisha.

Alhamisi asubuhi nilimwona baba mkwe akishuka kwenye basi la Kibondo. Alivaa koti lake la mahakamani, na kitambulisho chake cha taifa alikuwa amekitundika shingoni kwa kamba ya kiatu. Hakuniambia anakuja. Akanisalimia, akaangalia vile vikapu, akasema, "Tafuta bajaji." Tukapakia thelathini ndani na nje ya bajaji, mzee akapakata sita, nikampakia viwili vingine juu yake, tukaenda mpaka kwenye kile kituo cha afya tukiwa tumejaa zambarau. Njiani watu walitusimamishia shughuli zao. Dereva aliuliza mara mbili kama ni harusi.

Kituoni kulikuwa na foleni. Mama mmoja mjamzito akampisha mzee kwenye benchi akidhani ni mgonjwa. Akakataa kukaa. Muuguzi alipotoka na faili mkononi, baba mkwe alikwenda kusimama mbele yake, akavua kile kitambulisho shingoni, akakiinua usawa wa macho yake na kusema kwa sauti ya kufungua shauri:

"Mama, mimi ndiye ninayekuja kwenye simu."

Foleni nzima ikageuka. Muuguzi akaangalia kadi, akamwangalia mzee, akaniangalia mimi niliyesimama nyuma na vikapu hadi kidevuni. Akatoa simu yake. Akaandika namba. Jina likaja, na mzee akalitaja mwenyewe kabla hajaulizwa, lote, bila kuruka. Mimi niliangalia vidole vya miguu yangu. Muuguzi akalinganisha, kisha akaanza kucheka, kicheko cha kwao, kirefu, cha kujishika ukuta.

"Kumbe kweli hawezi kukutaja!"

"Hawezi," baba mkwe akasema. "Na angeweza, ningerudi Kibondo bila kumsaidia."

Muuguzi akalipa yote, na ya kutolea juu. Binti yangu akaenda shule. Kwa muuza vikapu wa kawaida hadithi ingeishia hapo, na mimi nilikuwa radhi iishie hapo. Tatizo ni kwamba baba mkwe hakuondoka siku ile. Alisema atapumzika, na Ijumaa akaja kuketi kibandani pangu, kwenye kiti, kuangalia biashara inavyokwenda.

Jirani alikuwa amerudi kutoka msibani, ana nguvu mpya. Mteja wa kwanza akauliza jina linakuja nani. Jirani hakujua yule mzee wa koti ni nani. Akavuta pumzi, akalirusha jina juu ya soko zima, na kama kawaida yake akaliongezea madoido mwishoni, kidogo aliimbe. Mzee akaruka kwenye kiti. Mteja wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu, jirani alikuwa anatafuna andazi, akalitaja na andazi ndani. Muuza dagaa akaliitikia kutoka upande wake kwa mazoea, na wapakia mizigo wawili wakalirudia wakicheka, maana kumbe jina la baba mkwe wangu lilikuwa limeshakuwa kibwagizo cha soko na mimi niliyeziba masikio kwa heshima ndiye pekee nisiyejua.

Kufikia saa sita mzee alinyanyuka, akamwendea jirani. "Mama," akasema, "mwenye jina hilo ni mimi."

Jirani akaangusha kifuniko cha chungu. "Mawe!" akasema, akimwita mama yake kwa Kiha, akapiga magoti pale pale kwenye vumbi kumsalimia. Kwa wiki nzima hakunidai chai.

Jioni nikimsindikiza, mzee alitembea mbele mpaka karibu na nyumbani. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi ni mtu mzima. Jina langu kupigiwa kelele sokoni, hilo nitalizoea, mahakamani lilipigiwa kelele pia. Lakini siku nikizikwa, laini hiyo itazikwa na mimi. Utakwenda kwa nani ukaseme mwenye laini amekufa, na hata hapo utaulizwa ni nani amekufa, utanyamaza."

Sikuwa nimewaza hivyo. Nilisikia vibaya sana. Nilimwambia hatakufa, akasema hilo tumwachie Mungu, sisi tushughulikie vidole.

Amri yake ilikuwa hii: nisishike ukindu mpaka alama zirudi. Alisema ngozi ni kama shamba, ukiliacha linaota. Nilipochukuliwa alama za kitambulisho, nilikumbuka, nilikuwa nimetoka kujifungua mtoto wa mwisho na nilikuwa na miezi sijasuka, ndiyo maana wakati ule zilionekana. Basi nikaacha. Wiki sita nyingine, safari hii za kukaa. Nilinunua vikapu vya wanawake wengine na kuviuza, nikavishika kwa ncha za vidole kama mke wa mkuu wa wilaya. Usiku nilipaka mawese, dawa ya mzee, na asubuhi kila noti niliyomrudishia mteja chenji ilikuwa na dole la njano. Jirani aliniuliza kama nimeteuliwa. Mume wangu, mchoma matofali, alinishika mkono siku moja akauachia haraka, akasema nimemshtua, alidhani kashika wa mtu mwingine.

Kukaa bure kuliniuma kuliko kazi. Mikono ilinisumbua, nilikuwa najikuta nasuka pindo la kanga, nasuka majani ya mgomba, siku moja nilisuka nywele za mtoto wa mteja wakati mama yake anachagua ungo. Na nilijiuliza kama inafaa mtu kuacha kazi ya mikono yake ili mashine iamini kwamba ni yeye. Nilikuwa tu nataka laini isiyozikwa na mtu.

Wiki ya sita nikaenda stendi. Yule mama wa mwavuli alinikumbuka. Dole gumba, ikakataa. Cha shahada, ikakataa. Nikaanza kusikia moto kwenye masikio. Cha kati cha mkono wa kushoto, mashine ikafikiri, ikafikiri, ikalia. Yule mama akakigeuza kioo nione. Palikuwa na jina langu. Majina yangu matatu, kwa herufi kubwa. Nilitoa machozi pale chini ya mwavuli, na mama wa mwavuli, ambaye bila shaka ameona mengi, akanipa karatasi nijifute na kuniomba niwapishe walio nyuma.

Nikarudi, nikapaka rangi ubao, nikaandika namba mpya. Sikumwambia mtu. Nilitaka soko lijue lenyewe.

Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu mgeni, ameletwa na uhamisho, anatafuta mkeka. Tukapatana. Akatoa simu, akanakili namba, akasubiri. Kisha akasoma kwa sauti, polepole, jina lililokuja. Langu. "Ni mwenyewe?" akauliza.

Kabla sijafungua mdomo, jirani alikuwa ameshaachia chungu.

"Usitume!" akapiga kelele. "Mwalimu, usitume! Hakuna mtu wa jina hilo hapa!"

Muuza dagaa akasimama. Hakuna, akasema, yuko sokoni miaka kumi na mbili, hajawahi kulisikia. Fundi cherehani akatoa kichwa, akafikiri kwa haki, akasema na yeye halijui. Mwalimu akaanza kuirudisha simu mfukoni.

Niliwaangalia watu hawa. Tumekaa bega kwa bega miaka yote hiyo. Wanajua ninakunywa chai na sukari ngapi, wanajua mume wangu anakoroma, walinichangia nilipofiwa na mama. Wananiita mama fulani, kwa jina la mwanangu wa kwanza, kama nilivyoitwa tangu siku nilipomzaa, nyumbani, kanisani, hata na mume wangu. Mimi mwenyewe nilipojaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho mtu aliniita kwa lile jina, nikakuta waliokuwa wananiita hivyo wengi wameshakufa.

"Yupo," nikasema.

"Yuko wapi?" jirani akauliza, akiangaza huku na huku.

Nikalitaja. Mara ya kwanza lilitoka dogo, kwa sauti ya mtu anayetamka kitu alichokatazwa, na mwalimu akasema hakusikia. Nikavuta pumzi kama anavyovuta jirani yangu, nikalitaja tena, yote matatu.